Kiswahili, Lugha ya Nyumbani au Mkalimani? Kuchagua Lugha ya Kukusanyia Data za Elimu Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayesoma Iringa au Mbeya akishapata kibali cha chuo, na barua zake zikiwa zimeshuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, hubakiwa na uamuzi mmoja ambao barua hizo hazimsaidii kuufanya: atawauliza watu kwa lugha gani? Dodoso lake huenda limeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa tasnifu itaandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu mkuu atakayemhoji anafundisha kwa Kiswahili. Bibi anayemlea mjukuu aliyeacha shule, ambaye pengine ndiye mwenye majibu yote, anaota na kugomba kwa Kikinga. Afisa wa shirika anayekuja kutathmini mradi wa kusoma na kuandika hukutana na swali hilohilo, ila yeye ana siku chache zaidi.

Njia zinazotumika huku kwetu ni tatu. Ya kwanza ni kuuliza na kujibiwa kwa Kiswahili. Ya pili ni kutumia lugha ya jamii husika, anayeuliza akiwa mtafiti mwenyewe anayeizungumza au msaidizi wa utafiti mzawa aliyefundishwa kazi hiyo. Ya tatu ni mtafiti kuuliza kwa Kiswahili huku mkalimani akiwa kati yake na mhojiwa. Hakuna hata moja inayofaa kila mahali, na wanaojiuliza waishike ipi wanastahili kuziona zote zikipimwa kwa vipimo vilevile.

Mahali penyewe, kisha vipimo

Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na ukanda huu una nyingi kati ya hizo. Kuna Kihehe Iringa, Kibena Njombe, Kikinga na Kivwanji Makete, Kipangwa Ludewa, Kinyakyusa Rungwe na Kyela, Kisafwa na Kimalila kuuzunguka mji wa Mbeya, Kisangu Mbarali, Kinyiha Mbozi na Kindali Ileje, na hapo hatujazitaja zote. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya kufundishia karibu katika shule zote za msingi za umma Tanzania Bara tangu mwaka 1967. Mwaka huohuo ndipo sensa ilipouliza kabila kwa mara ya mwisho, na kwa hiyo hakuna jedwali rasmi la leo litakalomwambia mtafiti ni kaya ngapi za kata fulani huzungumza Kisafwa nyumbani. Jambo hilo lazima aliulizie hukohuko aendako, kabla ya kuchapa dodoso.

Kipimo cha kwanza, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni nani anapata nafasi ya kusema na nani anaachwa nje. Cha pili ni aina ya jibu linalopatikana, kwa sababu mtu mmoja akiulizwa swali moja kwa lugha mbili hujibu akiwa katika nafasi mbili tofauti: mara kama mwanakijiji mbele ya serikali, mara kama mama mbele ya jirani. Cha tatu ni safari ya maneno, yaani hatua ambazo kauli hupitia kutoka mdomoni mwa mhojiwa hadi kwenye ukurasa wa ripoti, na iwapo mtu mwingine anaweza kuzikagua hatua hizo. Cha nne ni siri na heshima ya mhojiwa. Muda na gharama ni kipimo pia, ingawa ningependa kiangaliwe mwisho badala ya mwanzo, kama ilivyozoeleka.

Njia ya kwanza: Kiswahili

Watu wengi hudhani kwamba Kiswahili huwaacha nje wazee na kwamba vijana wote wamo salama. Hali halisi ina sura nyingine. Mama wa miaka 70 aliyeuza ndizi na viazi kwa miongo mingi katika masoko ya Tukuyu, Uyole au Makambako anaweza kuwa na Kiswahili kipana kuliko binti yake aliyeolewa akabaki shambani. Mtoto wa darasa la awali katika kijiji cha ndani Umalila naye anaweza kuwa bado hajakizoea. Kinachoamua ni njia ambayo mtu amepitia maishani, na umri peke yake haukuambii njia hiyo.

Upande mwingine, zipo sehemu ambazo Kiswahili ndiyo lugha pekee ya haki. Katika mabonde ya mpunga ya Usangu wanaishi watu waliotoka pembe nyingi za nchi. Katika mashamba ya chai ya Mufindi wapo vibarua wa makabila mbalimbali. Tunduma ni mji wa mpakani, na biashara yake haiulizi mtu ametoka wapi. Ukichagua lugha ya wenyeji wa kwanza katika maeneo hayo, umewatenga wengine, na huenda ukawafanya waone kwamba utafiti wako una upande.

Kuhusu aina ya jibu, Kiswahili huja na ukumbi wake. Ndiyo lugha ya mkutano wa kijiji, ya kliniki, ya mwalimu na ya mtendaji, na anayehojiwa kwa Kiswahili na mgeni mwenye faili hujibu mara nyingi kwa sauti ya mkutanoni. Atasema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwamba anawasomesha watoto wa kike na wa kiume bila ubaguzi, kwamba mtoto haendi shambani siku za shule. Si lazima awe anadanganya. Anajua kwamba mzazi wa mtoto mtoro anaweza kuitwa ofisini, na anajibu jibu lililo salama katika lugha ambayo ofisi huitumia. Mtafiti wa utoro asiyeliona hilo atarudi chuoni na majedwali mazuri yanayoonyesha jinsi wananchi wanavyojua kauli za serikali, na kuhusu utoro wenyewe atakuwa ameambulia kidogo.

Hata hivyo, umbali huohuo una manufaa yake. Vijana wengi huona wepesi kuzungumzia mahusiano na afya ya uzazi kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyofundishiwa mambo hayo, na kwa kuwa nyumbani maneno ya mwili yamefungwa na heshima. Kiswahili huwapa mahali pa kusimama wanaposema yasiyosemeka mbele ya wazazi.

Safari ya maneno hapa ni fupi. Kauli huvuka mara moja tu, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na msimamizi wa tasnifu anaweza kusoma unukuzi wa awali, yaani maneno ya rekodi yakiwa yameandikwa kama yalivyosemwa, akahakiki tafsiri. Dodoso nalo linaweza kupimwa kwa tafsiri rejeshi, utaratibu ulioelezwa na mwanasaikolojia Richard Brislin mwaka 1970, ambapo mtu wa pili hulirudisha dodoso katika lugha ya mwanzo bila kuliona la awali, kisha matoleo mawili yakalinganishwa. Ni utaratibu mzuri, lakini hugundua makosa ya maneno tu. Ukiuliza mkuu wa kaya amesoma hadi darasa la ngapi, huku ada ya mtoto inalipwa na baba mdogo aliyeko Dar es Salaam na ndiye anayeamua mtoto asome wapi, tafsiri itakuwa sahihi kabisa na swali litakuwa limemkosa mwenye uamuzi.

Kwa upande wa siri na gharama, njia hii haina mshindani: watu wawili tu ndio wanaozungumza, na hakuna wa tatu wa kulipwa wala wa kuapishwa. Inawafaa wanaohoji walimu, wanafunzi wa madarasa ya juu, watumishi, wakazi wa miji na jamii mchanganyiko, pamoja na wenye sampuli kubwa wanaohitaji kila mtu aulizwe swali lilelile kwa namna ileile.

Njia ya pili: lugha ya nyumbani

Hapa waliokuwa kando husogea. Mazungumzo yanayoanza kwa “kamwene” Uhehe au Ubena, au kwa “ugonile” Unyakyusa, yakaendelea kwa lugha hiyohiyo, humweka mhojiwa katika nafasi ya mwenyeji anayemkaribisha mtu. Majibu hurefuka. Mtu anayejibu kwa Kiswahili kwamba mtoto aliacha shule kwa sababu ya ugumu wa maisha, kwa lugha yake atakueleza ni mwaka gani, shamba lipi liliuzwa, nani alikuja kumchukua binti akafanye kazi za ndani mjini, na nani katika ukoo alikataa asisikilizwe.

Thamani ya kukaa ndani ya lugha ilionekana zamani katika ukanda huuhuu. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakajifunza Kinyakyusa, na miongoni mwa waliyoyaandika ni vijiji vya rika, ambapo wavulana waliondoka kwenye maboma ya baba zao wakajenga na kukua pamoja na wenzao wa umri mmoja. Vijiji hivyo havipo tena kama vilivyokuwa, lakini mtafiti wa elimu bado ana la kujifunza humo. Dodoso linalouliza ni mzazi yupi humfundisha mtoto nyumbani limekwisha kuamua kwamba mafunzo hutoka kwa mzazi. Katika jamii ambayo vijana walilelewa kwa sehemu kubwa na rika lao, swali hilo lingerudi tupu, na mtafiti angeandika kwamba hakuna malezi.

Sasa nieleze upande wa pili wa njia hii, kwa sababu wanaoipenda huwa hawausemi. Anayezungumza lugha ya nyumbani si mgeni tena, na asiye mgeni ana nafasi katika ukoo. Ni mtoto wa fulani, mkwe wa fulani, mjukuu wa ukoo uliogombana na ukoo mwingine kuhusu mpaka wa shamba. Kwa mila za Kinyakyusa mke wa mtoto alipaswa kumwepuka baba mkwe wake, asimtazame usoni wala kulitamka jina lake, na pale adabu hiyo inapoendelea kushikwa, msaidizi wa kike aliyeolewa kijijini hapo hawezi kutumwa kumhoji mzee huyo, hata awe hodari vipi. Kijana aliyezaliwa kijijini naye hawezi kumuuliza mzee wake habari za ndoa na mahari kwa uwazi ambao mgeni angesamehewa.

Kuna tatizo jingine la kimyakimya. Mhojiwa humwambia mtafiti mzawa, “Si wewe mwenyewe unajua,” na mtafiti huitikia kwa kichwa kwa sababu kweli anajua. Rekodi hubaki na pengo mahali palepale palipokuwa na data. Msaidizi mzawa anapaswa kufundishwa kuomba aelezwe hata lile alifahamulo, na mafunzo hayo hayaishi kwa asubuhi moja.

Lahaja nazo zina neno. Kihehe na Kibena vinakaribiana, lakini anayesikika kuwa anatoka upande wa pili hutambuliwa kwa sentensi ya kwanza, na kukaribiana huko hakumfanyi mwenyeji. Muulize mtendaji wa kijiji wasaidizi wako watokee wapi kabla hujawaajiri. Usitosheke na jina la kabila.

Safari ya maneno katika njia hii ina mlima wake. Lugha hizi hazifundishwi shuleni, kwa hiyo wengi wanaozizungumza vizuri hawajazoea kuziandika. Kinyakyusa kina irabu saba, na herufi tano za irabu za Kiswahili hazitoshi kuzitofautisha. Urefu wa irabu nao hubadili maana. Tahajia zipo, kwani wamisionari walianza kuandika baadhi ya lugha hizi muda mfupi baada ya kufika Rungwe mwaka 1891, na kazi ya kutafsiri Biblia inayofanyika Mbeya imezipa maandishi lugha nyingine kadhaa. Anayetaka kunukuu rekodi kwa uaminifu achague tahajia moja na wasaidizi wote waifuate. Saa moja ya mazungumzo huweza kula siku nzima ya kunukuu na kutafsiri, na msimamizi asiyeijua lugha hawezi kuhakiki isipokuwa kwa kumtumia mtu wa tatu.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa urithi ambao watu wataendelea kuutumia na kujivunia, lakini darasani hazina nafasi, na shule nyingi huwataka wanafunzi wazungumze Kiswahili wakiwa shuleni. Mahojiano ya lugha ya nyumbani yakifanyiwa ndani ya uzio wa shule, mtoto atasita, na mwalimu atajiuliza kama anakaguliwa. Yafanyieni nyumbani au mahali pasipo na kanuni hiyo.

Njia hii inawafaa wenye wahojiwa wachache na muda mrefu, wanaotafuta historia za maisha, malezi, mila za unyago na ndoa, na wanaohitaji sauti za wazee na watoto wadogo.

Njia ya tatu: mkalimani

Watafiti wengi huiona njia hii kama jambo la dharura, nami naona inastahili heshima zaidi ya hiyo, mradi mtu ajue anachokichukua. Swali la kwanza linahusu mkalimani ni nani kijijini. Ufasaha wake uje baadaye. Akiwa mwalimu, mzazi anaulizwa habari za shule mbele ya shule. Tangu elimu bila ada hadi kidato cha nne ilipoanza Januari 2016, michango imekuwa jambo ambalo mzazi hulipima mara mbili kabla ya kulisema, na hatalisema kupitia kinywa cha anayeipokea. Akiwa mtendaji, uzito ni uleule au zaidi. Akiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, wazee watampa majibu ya kijana. Mara nyingi anayefaa ni mtu wa makamo kutoka kijiji cha jirani, anayeijua lugha ila hana kesi wala deni hapo.

Majibu husinyaa njiani. Mzee atazungumza kwa dakika tano, atataja watu na miaka, na mkalimani atageuka na kusema, “Anasema hapana.” Huo si uzembe wake, kwani hakuna aliyemwambia kwamba utafiti unahitaji kauli nzima na kwamba muhtasari hautoshi. Afundishwe kutafsiri kwa vipande vifupi na kusema kwa nafsi ya kwanza, kama anavyosema mhojiwa.

Kauli huvuka mara mbili, kutoka Kisafwa kwenda Kiswahili, kisha Kiingereza, na hii ndiyo safari ndefu kuliko zote. Ipo dawa ambayo haina gharama kubwa: rekodi mazungumzo yote, ya lugha zote mbili, kisha mpe mzungumzaji mwingine sehemu kadhaa za rekodi aitafsiri sauti ya mhojiwa bila kusikia ya mkalimani. Kwa kuwa mtu wa tatu amesikia siri, ridhaa ya mhojiwa imtaje na yeye, naye aahidi kutunza siri kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia sauti zilizomo kwenye simu yako.

Faida ya njia hii ni kwamba mtafiti hubaki mgeni, na mgeni huruhusiwa kuuliza yaliyo wazi. Jioni, mkalimani mzuri hugeuka mwalimu: atakueleza kwa nini mama yule alinyamaza shemeji yake alipopita, jambo ambalo hakuna unukuzi ungelikuambia. Ni njia ya mtafiti anayetoka nje ya ukanda, ya mradi mfupi unaopita wilaya kadhaa zenye lugha tofauti, na ya sampuli ambayo wasiojua Kiswahili ni wachache ila hawawezi kuachwa.

Jambo ambalo lugha peke yake haiwezi kulitibu

Mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia hutengenezea vigari vya kuchezea, Wazambia ndio waliowazidi. Kwa udongo wa mfinyanzi, tofauti haikuwepo. Mtafiti aliyebeba penseli tu angeondoka na hitimisho kuhusu akili za watoto, wakati alichokipima ni mazoea yao. Jaribio la kusoma na kuandika lililotafsiriwa kwa Kihehe sanifu kabisa bado linaweza kuwa penseli mkononi mwa mtoto wa waya. Serpell alikwenda pia vijijini mashariki mwa Zambia, akawauliza watu wazima ni mtoto yupi wangemteua kumtuma kwa kazi ya maana, na kwa sababu gani. Swali la namna hiyo linaweza kuulizwa Mufindi au Ileje kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, na litaleta maelezo ya mtoto mwerevu ambayo alama za mtihani hazina.

Kwa hali ipi, njia ipi

Kama unahoji walimu na maafisa elimu kuhusu utekelezaji wa sera, tumia Kiswahili na usijisumbue na zaidi. Kama unafanya utafiti wa kaya mia kadhaa katika mji au katika eneo la mashamba na wahamiaji, tumia Kiswahili pia, lakini tenga mkalimani kwa wale wachache ambao kwa kawaida wangeandikwa “hakupatikana.”

Ukichunguza sababu za watoto wa kijiji kimoja au viwili kuacha shule, na una miezi, chagua lugha ya nyumbani. Fanya majaribio ya awali kijiji cha jirani, na uwe na wasaidizi wawili wa jinsia tofauti ili heshima za ukoo zisikufungie milango. Panga ratiba kwa kufuata kilimo, kwani kuanzia Novemba mvua zikianza asubuhi ni za shamba.

Ukizungumza na wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, fursa waliyofunguliwa na serikali Novemba 2021, muulize kila mmoja peke yake ni lugha ipi angependa na ni nani asingependa awepo. Wengine watachagua Kiswahili na mgeni kamili, kwa sababu mtu wa lugha ya nyumbani ni mtu wa kwao. Katika jambo hili uamuzi si wako.

Mwenye siku kumi na bajeti ndogo anaweza kuuliza kwa Kiswahili, akaruhusu jibu lije kwa lugha yoyote, na akatafuta mtafsiri wa rekodi baadaye. Atapoteza nafasi ya kuuliza swali la nyongeza papo hapo, ila hatampoteza mhojiwa. Na njia yoyote utakayoifuata, katika sura ya mbinu andika aliyeuliza alikuwa nani kwa mhojiwa, lugha iliyotumika katika kila mahojiano, aliyekuwepo akisikiliza, na kauli ilitafsiriwa mara ngapi, kisha weka angalau dondoo chache katika lugha zilimosemwa kando ya tafsiri zake.